Eksteno haisomi kwenye kompyuta: pa kuanzia na pa kusimama

Umechomeka eksteno, yaani disk ya nje ya kuhifadhia vitu, taa imewaka au haijawaka, kompyuta imekaa kimya. Au imetoa ule mlio wake wa kuonyesha kuna kitu kimechomekwa lakini ukifungua This PC huoni kitu. Au imekuletea kijidirisha kinachosema lazima ufomati kwanza ndo uitumie. Kabla hujabonyeza chochote naomba unisikilize kwa jambo moja: eksteno yenyewe inanunulika, vilivyomo ndani havinunuliki. Harusi ya watu wa Igoma hapa Mwanza iliyopigwa mwezi uliopita, utafiti wa mwanafunzi wa chuo cha SAUT pale Malimbe ambao umebakiza wiki kukusanywa, hesabu za mzigo wa dagaa za mtu wa Mwaloni, hivo vitu hakuna duka linaloviuza. Kwaiyo hatua zote humu nimezipanga kwa swali moja tu, je hatua hii ikishindikana itakuwa imeharibu kitu? Zisizoharibu zinakuja mwanzo, zinazoweza kuharibu zinakuja baadae, na kuna sehemu nitakwambia simama hapohapo, chomoa, usiendelee.

Afu tuelewane mapema, eksteno kutosoma ni matatizo matatu tofauti ambayo kwa nje yanafanana. La kwanza haipati umeme wa kutosha au waya umechoka, hili ndo la kawaida kuliko yote na ndo rahisi. La pili disk ni nzima, kompyuta inaiona kabisa, ila haijapewa herufi au mpangilio wa mafaili umevurugika kwaiyo Windows haijui ianze kusoma wapi. La tatu disk yenyewe inakufa. Watu wengi wanapoteza vitu vyao kwa sababu wana tatizo la tatu na wanahangaika nalo kwa dawa za tatizo la pili, wanaiacha ikisagika usiku kucha kwenye programu ya kurepea na asubuhi hakuna tena cha kuokoa. Kazi yako ya kwanza ni kujua uko kwenye lipi.

Anza kwa kusikiliza

Zima redio, zima feni, chomeka eksteno kisha iweke kiganjani karibu na sikio, bila kuitingisha. Hapa naongelea zile zinazozunguka, HDD, maana SSD haina kitu kinachozunguka ndani na itakaa kimya hata ikiwa nzima. HDD nzima utaisikia inaanza kuzunguka kwa mvumo laini na kiganja kitahisi mtetemo mdogo. Nyingi za hizi ndogo zinazunguka mara 5400 kwa dakika, ambayo ni mara 90 kila sekunde, kwaiyo huo mtetemo usikuogopeshe, hiyo ni dalili nzuri.

Ukisikia tk, tk, tk, kwa mpigo uleule, inanyamaza, inaanza upya, hapo vichwa vya kusomea vinatafuta mahali pa kuanzia na havipati. Umeme mdogo nao unaweza kuleta mlio wa hivo, kwaiyo jaribu mara moja tu kwa waya mwingine kwenye poti nyingine, ikirudia vilevile chomoa na nenda moja kwa moja sehemu ya fundi huko chini. Usipitie hatua za katikati. Ukisikia mlio mwembamba unaojirudia kama saa ya mezani inayoamsha, mota inajaribu kuzunguka na inashindwa, ama umeme haumtoshi ama vichwa vimenasa juu ya sahani, na hii hutokea sana kwa eksteno iliyodondoka. Nayo ni hivohivo, jaribu waya na poti nyingine mara moja basi.

Ikiwa kimya kabisa, hakuna mtetemo, hakuna taa, usikate tamaa, hapo mara nyingi ni umeme tu.

Waya na umeme, usiruke hapa

Najua unataka kukimbilia programu. Subiri. Poti ya kawaida ya USB 2.0 inatakiwa kutoa miliampia 500, ya USB 3.0 inatoa 900, na eksteno ndogo pale inapoanza kuzunguka inaweza kuhitaji karibu ampia 1 kwa sekunde chache. Kwaiyo kwenye laptopu ya zamani iliyochoka betri unaweza kukuta taa ya eksteno inawaka vizuri, maana taa inataka umeme kiduchu, lakini mota haijaweza kuzunguka. Watu wakiona taa wanasema umeme upo tatizo ni virusi. Hapana, taa haithibitishi kitu.

Fanya hivi. Laptopu ichomekwe kwenye chaja. Toa vitu vyote vingine vya USB, mausi, modemu, feni ya kupoozea, fleshi, printa. Usipitishe eksteno kwenye hub ile ya kugawa poti, ichomeke moja kwa moja. Kama ni desktop achana na poti za mbele, zunguka nyuma kwenye zile zilizopo kwenye bodi yenyewe, za mbele zinaletwa na nyaya nyembamba za ndani ambazo zinapunguza nguvu na mara nyingine hata hazijakaza. Ukiona poti yenye plastiki ya bluu ndani tumia hiyo, kwa kawaida ni USB 3.0.

Sasa waya. Eksteno nyingi ambazo watu wanazo mikononi zina ile tundu pana yenye sehemu mbili zilizoungana, moja kubwa na kando yake nyingine ndogo. Washa tochi ya simu uangalie ndani. Utaona kiulimi chembamba cheusi chenye vipini vya rangi ya dhahabu. Angalia kama kimepinda, kama kuna vumbi limejikusanya (kiangazi cha huku Mwanza na barabara zetu za milimani za vumbi, hii ni kawaida kabisa), angalia kama kuna kutu ya kijani. Vumbi litoe kwa mswaki mkavu laini, taratibu, eksteno ikiwa imechomolewa. Usipulize kwa mdomo, utaingiza mate. Halafu chomeka waya na ugusegusie kwa kidole pale unapoingia: kama taa inawaka na kuzima, au kompyuta inalia imechomekwa, imechomoka, imechomekwa, basi ni waya au ni tundu lililolegea kwenye bodi. Hilo la tundu fundi anayechomelea simu anaweza kulirudishia risasi, kazi ndogo.

Kuna kitu watu wengi hawakijui. Ile sehemu kubwa ya hilo tundu ndo umbo lilelile la waya wa simu za zamani za Android, maikro USB. Kwaiyo ukikosa waya mwingine wa eksteno wa kujaribia, chukua waya wa simu ya zamani, uchomeke kwenye sehemu kubwa, hiyo ndogo iache wazi. Itasoma kwa mwendo wa USB 2.0, polepole, ila itasoma, na ukiona imesoma umeshajua mkosaji ni ule waya wako. Muhimu uwe waya unaopitisha data, kuna nyaya za bei ya chini ambazo ndani zimewekewa za chaji tu na hizo hazitakusaidia kitu hapa. Kujua ni rahisi, unganisha simu na kompyuta kwa waya huohuo uone kama kompyuta inafungua picha za simu.

Kama eksteno yako ni ile kubwa ya mezani yenye adapta yake, hizo kwa kawaida zinahitaji adapta ya volti 12 iliyochomekwa ukutani, USB peke yake haiwezi kuiwasha. Soma maandishi ya adapta, yalingane na yaliyoandikwa kwenye eksteno. Na tafadhali usiazime chaja ya laptopu eti kwa vile kichwa kinaingia, chaja nyingi za laptopu ni volti 19 na hiyo inaunguza bodi ndani ya sekunde.

Baada ya hapo jaribu kompyuta nyingine. Hii hatua inakupa jibu kubwa kwa muda mfupi: ikisoma kwingine, mara nyingi disk ni nzima na tatizo ni la kompyuta yako. Ila kuwa makini unaijaribia wapi, kompyuta za steshenari na za vibanda vya kuwekea muvi zinapokea fleshi za kila mtu kutwa nzima, usiende kutafuta dawa ukarudi na virusi. Ikisoma tu hapo kwingine, usianze kufurahi na kuichomoa, kopi vitu kwanza.

Na kwa kompyuta yako, bonyeza Restart, sio Shut down. Kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima kwa Shut down kompyuta haizimi yote, inahifadhi hali ya mfumo na kuirudisha kesho yake na makosa yake. Restart ndo inaanza upya kabisa.

Muulize Windows anaona nini

Hapa ndo unapojua uko kwenye tatizo lipi, kwaiyo tukae kidogo.

Eksteno ikiwa imechomekwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Au bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, Enter. Subiri, inaweza kuchukua muda kama disk ina shida. Chini utaona mistari, Disk 0 kwa kawaida ni ya ndani ya kompyuta, Disk 1 au 2 ndo eksteno. Itambue kwa ukubwa wake: eksteno ya 1 TB itaandikwa kama 931 GB, sio kwamba umeibiwa, ni kompyuta inahesabu tofauti na kiwandani. Hakikisha huigusi Disk 0.

Ukiona eksteno ipo, ina mstari wa bluu juu, imeandikwa NTFS au exFAT (majina ya aina za mpangilio wa mafaili) na neno Healthy, ila haina herufi kama E: au F:, umepona. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Add, chagua herufi ya mbali kama P au R ambayo hakuna kitu kingine kitaigombania, OK. Itafunguka hapohapo. Hii hutokea sana kwa watu wanaochomeka fleshi na memori kadi nyingi kwa wakati mmoja.

Ukiona imeandikwa Offline, kitufe cha kulia pale penye jina Disk 1, chagua Online.

Ukiona imeandikwa RAW, au ukubwa unaonekana sawa ila Windows inadai ufomati, mpangilio wa mafaili umevurugika, vitu kwa kawaida bado vipo. Usifomati. Nenda sehemu ya kuokoa.

Ukiona Unallocated, mstari mweusi, na unajua kabisa kulikuwa na vitu, usitengeneze New Simple Volume. Nayo ni ya kuokoa.

Ukiona Not Initialized na Windows inakuuliza MBR au GPT, bonyeza Cancel. Hilo swali ni la disk mpya ya dukani. Disk yenye vitu vyako ikiulizwa hivo maana yake ukurasa wake wa kwanza haukusomeka, na kuandika mwingine juu yake ni kujiongezea kazi. Angalia ukubwa: kama unaonyesha ukubwa sahihi kuna matumaini ya programu. Kama inaandika No Media au haionyeshi ukubwa wowote, basi ile bodi ndogo ya USB iliyo ndani ya kava inaongea na kompyuta lakini disk nyuma yake haijibu, hapo ni kazi ya fundi.

Na ukiona haipo kabisa, hata mstari, fungua Device Manager (Windows na R, devmgmt.msc). Tazama kwenye Disk drives na chini kwenye Universal Serial Bus controllers. Ukichomeka na kuchomoa eksteno orodha inaruka na kubadilika? Basi inaongea. Ukikuta Unknown USB Device yenye pembe tatu ya njano, mara nyingi ni code 43, rudi kwenye waya, kweli rudi, maana hiyo kwa sehemu kubwa inaletwa na waya, umeme au bodi. Kama una uhakika na waya, kitufe cha kulia juu yake, Uninstall device, chomoa, Restart, chomeka tena, Windows itaweka upya draiva, ile programu ndogo ya kuongea na kifaa. Ukiwa hapohapo fungua USB Root Hub, kwenye Power Management toa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme, hii inasaidia zile eksteno zinazosoma dakika tano halafu zinapotea.

Usidownload programu za kusasisha draiva. Hazihitajiki, eksteno inatumia draiva ya Windows yenyewe, na nyingi ya hizo programu ndo zinazoleta matangazo na virusi.

Wenye Mac: eksteno ya NTFS itasoma ila haitakubali kuandika, hilo ni kawaida sio ubovu. Kinyume chake, eksteno iliyofomatiwa kwa mpangilio wa Mac pekee ukiichomeka kwenye Windows inaweza kudai ifomatiwe, kwaiyo muulize mwenye eksteno alikuwa anatumia kompyuta gani kabla hujamwambia imekufa. Na ukiwa na exFAT iliyochomolewa vibaya, Mac inaweza kukaa muda mrefu inaikagua kimyakimya kabla haijatokea, iache iendelee.

Inafunguka ila folda zimegeuka shotikati

Hii sio ubovu wa disk, ni virusi wa kuficha mafaili, bado wapo sana kwa wanaozungusha fleshi. Usibonyeze hizo shotikati. Skani kwanza kwa Microsoft Defender (zamani Windows Defender), kisha fungua Command Prompt na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi yako. Folda zako zitarudi, shotikati zifute.

Kabla ya kurepea, pima afya

Kama disk inaonekana kwenye Disk Management, weka CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikifunguka itakuonyesha rangi, bluu ni nzuri, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Tazama hasa mistari ya 05, C5 na C6. Ya 05 ni sekta (vipande vidogo vya disk) zilizokufa na kuhamishwa, C5 ni zile ambazo disk inashindwa kuzisoma na bado inasubiri, C6 zilizoshindikana. Zikiwa sifuri zote, mara nyingi disk ni salama na shida ni mpangilio wa mafaili. Zikiwa na namba, na hasa ukifungua tena kesho ukakuta zimepanda, unashughulika na disk inayokufa na kila saa inayowaka ni saa imepungua kwenye uhai wake.

Hapo ndo nataka niseme kuhusu chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurepea disk. Kila mtu atakwambia andika chkdsk E: /f /r. Kwa disk yenye afya na mafaili yaliyovurugika kidogo, chkdsk E: /f inafanya kazi nzuri. Ila /r inasoma disk nzima sekta kwa sekta, kwa disk kubwa ni masaa mengi, na kwa disk inayokufa ni kuikimbiza mpaka ianguke. Isitoshe chkdsk kazi yake ni kuuweka sawa mpangilio, sio kuokoa faili lako, faili asilolielewa anaweza kulikata akaliacha kwenye folda ya FOUND.000 likiwa na jina la ajabu. Kwaiyo kopi kwanza, chkdsk baadae. Na kama disk imeandikwa RAW chkdsk yenyewe itakwambia haiwezi.

Kuokoa vitu kwenye disk iliyo RAW

Nilikuwepo kwa fundi mmoja Buzuruga, kijana mtulivu sana, akaja dada anayepiga video za harusi. Umeme ulikatika akiwa katikati ya kuhamisha mafaili kwenye desktop isiyo na UPS, uliporudi eksteno ikawa inadai kufomatiwa.

"Kaka, nifomatie tu halafu uzirudishe na programu, nasikia inawezekana."

"Dada, ngoja kwanza. Kuna nini humu?"

"Sendoff ya Jumamosi, na harusi mbili sijawapa wenyewe bado."

"Basi hatufomati. Una eksteno nyingine yenye nafasi?"

Hilo swali la mwisho ndo lenyewe. Huwezi kuokoa vitu kwenda kwenye disk ileile unayoiokoa, kila unachoandika kinaweza kukaa juu ya kitu ulichokuwa unakitafuta. Tafuta disk ya pili yenye nafasi ya kutosha, azima hata kwa ndugu.

Programu alizotumia yule fundi ni TestDisk na mwenzake PhotoRec, zinakuja pamoja, za bure kabisa, Mfaransa Christophe Grenier ndo alizitengeneza. Unafungua zip, huinstoli, unabonyeza testdisk_win kwa haki za msimamizi. Ni skrini nyeusi yenye maandishi, isikutishe. Chagua Create, chagua disk yako kwa kuangalia ukubwa, Proceed, aina ya mpangilio yenyewe kwa kawaida inapendekeza sahihi, Enter. Kisha Analyse, kisha Quick Search. Ikipata patisheni yako (sehemu ya disk yenye mafaili yako), bonyeza P, na hapo utaona majina ya folda zako yanatokea moja moja; ya kwake yalipotokea yule dada alikaa chini. Bonyeza a kuchagua zote, C kubwa kukopi ulizochagua (c ndogo inakopi ile moja tu uliyosimama juu yake), chagua folda kwenye ile disk ya pili, halafu C kubwa tena kukubali. Mpaka hapo TestDisk haijaandika chochote kwenye disk yako mbovu, inasoma tu. Kuna chaguo linaitwa Write, hilo ndo linaloandika, usiliguse mpaka vitu viwe vimeshahama na umevifungua ukaviona vinacheza.

TestDisk ikishindwa kuonyesha majina, ndo unatumia PhotoRec. Hiyo haijali mpangilio, inapita kwenye disk nzima ikitambua picha, video na dokumenti kwa alama zake za mwanzo. Itakurudishia vitu vingi ila bila majina na bila folda, na video ndefu zilizokuwa zimekaa vipande vipande zinaweza zisicheze. Kwa utafiti wa chuo inaweza kukuokoa, kwa harusi ya masaa sita ni bahati.

Kama disk ina namba kwenye C5 au inasoma kwa kukwama kwama, usiiendeshe kwa TestDisk moja kwa moja. Washa kompyuta kwa fleshi yenye Ubuntu, weka kifurushi cha gddrescue, andika lsblk kutambua jina la disk kwa ukubwa, kisha toa nakala ya disk nzima:

sudo ddrescue -n /dev/sdb /mahali/nakala.img /mahali/ramani.map

Badilisha sdb na njia kulingana na kwako, na hakikisha hapo kwenye nakala kuna nafasi sawa na ukubwa wa disk nzima. Uzuri wa ddrescue ni kwamba inachota kwanza sehemu zilizo rahisi na kuziruka ngumu, na ile ramani inakumbuka ilipofikia, kwaiyo umeme ukikatika saa nne usiku unaendelea kesho palepale bila kuanza upya. Kazi ya kutafuta mafaili unaifanya kwenye ile nakala, disk yenyewe inapumzika kabatini.

Kwa fundi

Eksteno inayogonga, inayolia, iliyodondoka au iliyolowa haina dawa ya programu. Iliyoingia maji, iwe ya ziwa kwenye safari ya Ukerewe au ya ndoo nyumbani, usiichomeke hata mara moja kuona kama inawaka, wala usiianike juani, wala usiizike kwenye mchele. Ifunge na uipeleke.

Fundi wa bodi anaweza mambo haya: kubadili tundu la USB, kuondoa daiodi ya ulinzi iliyoungua baada ya umeme kuja na nguvu, kutoa disk kwenye kava na kuisoma kwa adapta ya SATA (kiunganishi cha disk za ndani ya kompyuta). Hilo la mwisho linafanya kazi kwa eksteno ambazo ndani zina disk ya kawaida ya SATA na bodi ndogo ya USB pembeni. Modeli nyingi za WD My Passport ndani hazina SATA, USB imechomelewa kwenye bodi ya disk yenyewe, na nyingi zinafunga data kwa siri hata kama hukuweka nywila, kwaiyo ukihangaika kuipita bodi yake unapata takataka tu. Pia kubadilisha bodi kwa ya disk nyingine inayofanana haitoshi kwa disk za saivi, kuna chipu ndogo yenye taarifa za disk hiyo peke yake na lazima ihamishwe.

Ambacho fundi wa mtaani hawezi ni kufungua disk yenyewe, ule mfuniko wa chuma. Vichwa vinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na chumba cha kawaida kina vumbi hata kama kimepigwa deki. Fundi akikwambia ataifungua pale mezani aone kilichonasa, chukua eksteno yako uage kwa heshima. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba maalum, ni ghali, na unaamua mwenyewe kama vilivyomo vinastahili. Mwambie fundi ukweli wote, kwamba ilidondoka bodaboda ikishuka Mabatini, kwamba ulishajaribu kufomati, akijua ataacha kupoteza muda na kuizungusha bure.

Ile mpya utakayonunua

Vitu vikishatoka, usivirudishe kwenye disk iliyoonyesha njano au nyekundu hata ikifomatiwa ikakubali. Nunua nyingine, na weka nakala mbili za vitu vya watu, moja ikae nyumba nyingine. Kuwa macho na zile za mezani zinazoandikwa 2 TB kwa bei ya fleshi, zipo ambazo ndani zina memori kadi ndogo iliyodanganywa ionyeshe ukubwa mkubwa, utajaza harusi yote na itakubali, siku ya kufungua hakuna kitu. Kabla hujaiamini ipime kwa H2testw, chagua All available space, bonyeza Write + Verify, iache ijaze disk nzima na kuisoma tena, kwa disk kubwa inaweza kumaliza usiku mzima na zaidi kwaiyo chomeka chaja na uzime ile ya kompyuta kulala. Ikimaliza na kuandika Test finished without errors, futa mafaili yake ya majaribio yanayoishia na .h2w, kisha anza kuhamishia vyako. Ikiandika vingine, rudisha dukani siku hiyohiyo na risiti mkononi.